Wapiga Tarumbeta wa Harlem
Wanastahiki sifa njema wanamuziki wa kikosi cha 369 cha Marekani, watu weusi wa New York pamoja na wenzao waliotafutwa hata Puerto Rico, ambao mwaka 1918, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilhali jeshi la nchi yao lilikataa wapigane pamoja na wazungu likawakabidhi kwa Wafaransa, waliwaburudisha askari na raia toka Nantes hadi Aix-les-Bains. Kiongozi wao, Luteni James Reese Europe, hakuridhika na muziki peke yake. Aliingia handakini pamoja na askari wa bombomu, akavuta hewa ya sumu, na akiwa kitandani hospitalini, kwa ushupavu ulioje, akatunga wimbo. Wadaio kuwa mpiga ngoma si askari kamili, nao wapo, wamtafakari huyo. Februari 1919 wanamuziki hao wakapita barabara ya Fifth Avenue, New York, wakipiga.