Asichokijua Cassie Logan

Riwaya ya Mildred D. Taylor iitwayo Roll of Thunder, Hear My Cry, iliyotoka mwaka 1976 na kutunukiwa nishani ya Newbery mwaka uliofuata, inasimuliwa na mtoto wa miaka 9. Jina lake Cassie Logan, mtoto wa familia ya Wamarekani Weusi wanaolima pamba Mississippi mwaka 1933, wakati mdororo mkuu wa uchumi umeshaangusha bei ya zao hilo. Taylor angeweza kumkabidhi usimulizi mama yake Cassie, mwalimu anayezijua vema sheria na desturi za ubaguzi. Angeweza kumkabidhi Stacey, kaka mwenye miaka 12 ambaye ameanza kujifunza kunyamaza pale wakubwa wanaponyamaza. Akamchagua yule ambaye bado hajaambiwa, na karibu kila uzuri wa riwaya hii unatokana na uamuzi huo.

Cassie anaijua haki kwa sababu nyumbani kwao ipo. Asichokijua ni kwamba nje ya ua wao haki inatolewa kwa kuangalia rangi. Msomaji analijua hilo mapema, naye Cassie anakwenda kujikwaa mbele ya macho yake. Katika mji wa Strawberry, mwenye duka anaanza kuwahudumia watoto Weusi, kisha anawaacha ili awasikilize wateja Wazungu mmoja baada ya mwingine. Cassie anadhani amewasahau, anamfuata kumkumbusha. Mwandishi haongezi neno la kulaani wala kueleza. Kinaya kinakamilika kwa kule kukumbusha tu. Muda mfupi baadaye Cassie anamgonga kwa bahati mbaya Lillian Jean Simms, msichana wa Kizungu, na baba wa msichana huyo anamkunja mkono na kumsukumia barabarani. Hata hivyo jeraha kubwa zaidi linatoka kwa bibi yake mwenyewe, anayemwamuru aombe radhi. Bibi anafanya hivyo ili kumwokoa mjukuu, na msomaji anauona woga wake. Cassie anaona usaliti, na usimulizi unabaki na hasira yake bila kumsahihisha.

Mandhari ya riwaya ni ardhi, na ardhi hiyo ina mkono katika kila tukio. Akina Logan wana ekari 400: babu yao alinunua 200 mwaka 1887 na 200 nyingine mwaka 1918. Majirani wao wengi Weusi wanalima mashamba ya wenyewe, wanagawana mavuno na mwenye shamba, na wanakopa bidhaa kwenye duka la akina Wallace kwa deni lisilokwisha. Kwa hiyo mama yake Cassie anapowahimiza watu waligomee duka hilo, baada ya akina Wallace kuhusishwa na kuchomwa moto kwa watu Weusi, wanaoweza kuthubutu ni wachache. Baba analazimika kufanya kazi ya reli Louisiana ili walipe rehani na kodi. Hakuna ukurasa wa mhadhara juu ya uchumi wa Kusini mwa Marekani. Uchumi wenyewe unaonekana katika nani anayeweza kugoma na nani asiyeweza.

Vitu vidogo pia vimepewa kazi kubwa. Little Man, mdogo wao wa miaka 6 anayependa usafi kupita kiasi, anapewa kitabu kichafu cha shule. Ndani ya jalada anakuta jedwali linaloonyesha kwamba kitabu kilipita mikononi mwa watoto wa Kizungu mwaka hadi mwaka, na kilipochakaa kabisa ndipo kikapelekwa kwa watoto Weusi. Mfumo mzima umesimuliwa kwa jedwali moja. Mama anabandika karatasi juu yake, na kitendo hicho cha huruma kinarudi baadaye kama kisingizio cha kumfukuza kazi. Huo ndio msuko wa Taylor: kitu hakiingii kwa mapambo, na mara nyingi hurudi na deni lake.

Mbinu ya kudokeza yajayo inatumika hivyohivyo. Ami yao Hammer anakuja kutoka Chicago na gari aina ya Packard linalofanana na la tajiri Harlan Granger. Darajani akina Wallace wanampisha kwa heshima wakidhani ni Granger, na watoto wanafurahi. Mama hafurahi, anajua kwamba siku moja watalipa. Taharuki nayo inajengwa kwa kutojua: watoto wanachimba mtaro na kulikwamisha basi la shule la Wazungu lililokuwa likiwarushia tope, kisha usiku Cassie anaona magari yakiingia uani kwao. Anaamini yamewafuata wao. Mbinu rejeshi inatumika kwa uchache na kwa uzito. Siku ya Krismasi Bwana Morrison, aliyeletwa na baba kuishi nao, anasimulia jinsi familia yake ilivyouawa mwaka 1876. Mama anataka watoto wasisikie, baba anasema ni lazima wasikie.

Uamuzi wa kijasiri kuliko yote ni T.J. Avery, rafiki wa Stacey. Waandishi wengi humfanya mwathiriwa kuwa malaika ili msomaji amlilie kwa urahisi. T.J. ni mwongo, mdanganyifu wa mitihani, na ndiye aliyemchongea mama hadi akafukuzwa. Cassie hampendi, na msomaji naye hana sababu ya kumpenda. Kisha vijana wawili Wazungu wanamtumia katika wizi unaoishia kwa mauaji, wanamwachia lawama, na umati unakuja na kamba kumnyonga. Hapo riwaya inadai jambo gumu: haki ya mtu kuhukumiwa kama binadamu haitegemei tabia yake njema.

Moto unaolitawanya genge hilo ndio kilele cha ufundi. Baba anautia katika pamba yake mwenyewe, ili Wazungu na Weusi wakimbilie kuokoa mashamba. Taylor hatuonyeshi akiuwasha. Cassie yuko nyumbani wakati huo, anaambiwa na watu kwamba ni radi, na anaufikia ukweli kwa kuunganisha vipande. Tendo kuu la riwaya limefanyika nje ya macho ya msimulizi, na kwa mara ya kwanza Cassie anajua kitu ambacho hapaswi kukisema. Amefika alipokuwa Stacey mwanzoni.

Taylor alizaliwa Jackson, Mississippi, mwaka 1943, akakulia Ohio, na mengi ya masimulizi haya yalitokana na visa alivyosikia kwa baba yake. Aliendelea na ukoo wa Logan katika vitabu vingine. Katika The Land, cha mwaka 2001, alirudi nyuma hadi kwa babu Paul-Edward, mtoto wa Mzungu mwenye shamba na mama aliyewahi kuwa mtumwa. Humo msomaji anapata habari ya gharama iliyolipwa kwa ekari zile za mwanzo, gharama ambayo Cassie wa miaka 9 aliirithi bila kuiona.