Nyekundu Yenye Anwani

Bango tulilitundika saa nane mchana, na mpaka magharibi hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Lilikuwa bango la STOP, la pembe nane, mbele ya lango la shule moja huko Likoni, Mombasa, mahali ambapo bodaboda hupita mbio kuwahi feri. Nyekundu yake ilikuwa imekolea, haina doa. Wazazi walipita wakalisifu. Kisha giza likaingia, ikaja tuktuk imewasha taa, na mbele yetu zikatokea herufi nne nyeupe zinaelea hewani. Bango lenyewe halikuonekana. Palipokuwa na nyekundu palikuwa na giza tupu.

"Lakini kaka, mchana uliiona mwenyewe," fundi akaniambia.

Niliiona kweli. Tena mimi ndiye niliyemshikia kadi ya rangi dukani tulipokuwa tukichagua kopo. Kwa hiyo uchambuzi huu nauandika kama mtu aliyekuwepo kosa likifanyika, na aliyerudi kulirekebisha.

Tulianza vizuri. Fundi alikata bamba la alumini, akalisafisha mafuta kwa tina, akabandika juu yake karatasi nyeupe ya riflekta. Karatasi ile si karatasi hasa. Ni utando wa plastiki uliojazwa vishanga vya kioo vidogo kuliko chembe ya mchanga. Taa ya gari ikipiga kishanga, mwanga huingia, hujipinda, hugonga nyuma na kurudi kule kule ulikotoka. Ndiyo maana dereva anaona bango linawaka ilhali mtu aliyesimama kando ya barabara haoni kitu. Baada ya hapo fundi akaziba herufi kwa tepu, akapuliza nyekundu ya mafuta mara mbili, akabandua tepu. Kazi safi kabisa kwa macho ya mchana.

Kosa liko katika neno moja: mafuta. Rangi ya mafuta tunayopaka milango na mageti imetengenezwa ili ifunike. Sifa yake kuu dukani ni kwamba koti mbili zinaficha kutu. Ukiipaka juu ya riflekta, unavifukia vishanga. Mwanga wa taa unagota kwenye rangi na kutawanyika huku na huko, na unaorudi kwa dereva ni kidogo mno. Herufi ziliwaka kwa sababu tepu iliziokoa.

Nyekundu ya alama inayofaa huwekwa kwa wino unaopitisha mwanga, unaochapwa kwa skrini, au kwa utando mwekundu angavu unaobandikwa juu ya riflekta nyeupe. Hapo mwanga hupita ndani ya nyekundu ukienda, hugeuka kwenye kishanga, kisha hupita ndani ya nyekundu mara ya pili ukirudi. Jambo hili la kupita mara mbili ndilo linaloitesa mikono ya mchapaji. Wino ukizidi unene kidogo tu, usiku nyekundu inakuwa nzito hadi inakaribia nyeusi. Ukipungua, mchana inafanana na waridi. Rangi moja inatakiwa ifuzu mitihani miwili, na mtihani wa jua hautoi jibu la mtihani wa taa.

Hata mtihani wa mchana tuliufanya kwa kubahatisha, na hapa lugha yetu inahusika. Kiswahili hutaja rangi nyingi kwa vitu. Kijani ni cha majani, kijivu ni cha jivu, kahawia ni ya kahawa, manjano ni ile bizari inayopimwa kwa vijiko sokoni Kongowea, zambarau ni tunda, na damu ya mzee kila mshona sare anaijua. Ni utajiri mkubwa, na mimi siubadilishi na chochote. Lakini kila jina la namna hiyo linabeba familia nzima. Jani la mwembe si jani la mnazi, na jani la mwembe la juzi si la mwaka jana. Kwa kanga, upana huo ni uzuri. Kwa alama ambayo dereva ana sekunde mbili kuitambua, upana huo ni hatari.

Ukitaka kuona jina likishindwa kufanya kazi ya kipimo, simama kwenye steji ya Likoni asubuhi uhesabu manjano za matatu. Mstari wa manjano uliletwa na kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Rangi ni moja kwa jina. Kwa macho utahesabu ya limau, ya embe bivu, ya yai, na nyingine imeshakuwa ya machungwa. Ng'ambo ya pili, kisiwani, serikali ya kaunti iliagiza mwaka 2018 majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu ya Misri, na ukitembea mitaa ile utakutana na buluu zaidi ya moja. Mstari wa matatu na ukuta wa duka vinaweza kuvumilia tofauti hiyo. Bango la STOP haliwezi.

Dunia ililitatua tatizo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kadi zenye namba. Wajerumani walianza orodha yao ya RAL mwaka 1927 kwa rangi 40, na leo ndani yake zimo rangi zilizotengwa kwa barabara: nyekundu ni 3020, manjano ni 1023, buluu ni 5017, kijani ni 6024, nyeupe ni 9016. Waingereza, ambao kutoka kwao alama zetu za Kenya zimerithi sehemu kubwa ya sura zake, wana BS 381C, na humo nyekundu ya ishara ni namba 537. Ukimtajia muuza rangi namba, mashine yake ya kuchanganya inajua ianzie wapi.

Njia ya pili ni ya ndani zaidi, na ndiyo ninayoiita anwani. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilikubaliana juu ya ramani ya rangi zote ambazo jicho la binadamu huona. Ilitokana na majaribio ya Wright na Guild huko Uingereza, yaliyotumia macho ya watu 17 tu kwa jumla. Ramani hiyo ina umbo kama kwato ya farasi, na kila rangi ina mahali pake panapotajwa kwa tarakimu mbili, x na y. Viwango vya alama za barabarani huchora juu yake viwanja vyenye pembe nne. Katika kiwango cha Ulaya, kiwanja cha nyekundu ya mchana kina kona zake kwenye 0.735 na 0.265, 0.674 na 0.236, 0.569 na 0.341, 0.655 na 0.345. Rangi ikiangukia ndani, ni nyekundu ya alama. Ikiangukia nje, hata mafundi kumi waape, si nyekundu ya alama. Juu ya hapo kuna kipimo cha wangavu: kwa karatasi ya daraja la kawaida nyeupe isipungue 0.35, nyekundu 0.05, buluu 0.01. Usiku una viwanja vyake vingine, vinavyopimwa kwa mwanga wa taa ya waya, si wa jua.

Mashine ya kupimia, spektrofotomita, humulika rangi kutoka pembeni, nyuzi 45, na kuitazama moja kwa moja kutoka mbele. Sababu yake utaielewa ukimtazama fundi akikagua kazi: huliinamisha bango hadi mng'aro wa jua uteleze juu yake, na mng'aro ule humdanganya. Anachokiona wakati huo ni jua.

Basi kwa nini nisisitize bara ya Mombasa, Likoni na Kisauni na Changamwe, wakati fizikia hii ni moja popote? Kwa sababu hapa kila udhaifu unatafutwa na mazingira. Tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Oktoba. Nyekundu ni nyekundu kwa sababu inameza buluu na kijani na kurudisha kilichobaki. Maana yake inameza ile sehemu ya mwanga yenye nguvu kubwa, na nguvu hiyo huivunja polepole. Bango lililochakaa linasafiri kwenye ile ramani: linatoka kwenye kona yake, linapita kwenye waridi, linaelekea katikati palipo na nyeupe, karibu na 0.31 na 0.33. Tatizo hili ni la zamani. Marekani, alama ya STOP ilikuwa ya manjano hadi 1954, kwa kuwa kabla ya hapo hapakuwa na nyekundu ya kuaminika isiyochujuka nje. Nchi yenye viwanda vyote vile ilisubiri rangi iweze kuvumilia ndipo ikabadilisha alama.

Changamwe ina adui mwingine, naye ni kimo cha malori. Mwanga unaorudi kutoka kwenye vishanga hurudi kwa taa, na jicho la dereva wa gari dogo liko karibu na taa zake. Dereva wa trela linaloingia bandarini Kipevu amekaa juu sana, macho yake yako mbali na taa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga inampita chini. Karatasi nyeupe ya daraja la chini kabisa hutakiwa kurudisha 70 kwa kipimo cha kandela kwa luksi kwa mita mraba, pembe kati ya taa na jicho ikiwa nyuzi 0.2. Pembe ikifika 0.5 kinachotakiwa ni 30 tu. Nyekundu ya karatasi hiyo hiyo huanza na 14, buluu na 4. Sasa pakaza juu yake moshi wa dizeli, vumbi na chumvi ya bahari. Kwa barabara ya malori, karatasi ya vishanga vya daraja la chini ni akiba isiyo na faida. Inafaa ile ya prismu, ambayo badala ya vishanga ina vipembe vidogo vya plastiki na inarudisha mwanga mwingi zaidi.

Kuna pia mtego wa taa. Rangi mbili zinaweza kulingana kabisa chini ya jua na kuachana chini ya taa nyingine, kwa sababu zimefikia wekundu ule kwa mchanganyiko tofauti wa unga. Kopo letu tulilichagua chini ya taa ya mrija ya dukani. Tulipolitoa nje, lilikuwa limeelekea kwenye machungwa. Na bango likiwa chini ya taa ya mulika mwizi yenye mwanga wa manjano, wekundu unageuka hudhurungi.

Wengi wetu hatuna mashine, nami sidai kila karakana ya Mwandoni inunue. Lakini jicho likiongozwa hufanya kazi nzuri. Tafuta kivuli cha wazi kinachopata mwanga wa anga, saa nne asubuhi au saa tisa alasiri. Weka sampuli ya kiwango na sampuli yako zigusane ukingo kwa ukingo, juu ya kitu cha kijivu, bila nguo nyekundu wala ukuta wa rangi karibu. Sampuli yako iwe imekauka, tena imechapwa juu ya karatasi ile ile ya riflekta, kwa kuwa wino huohuo juu ya kadi nyeupe ni rangi nyingine. Zibadilishe nafasi, ya kulia iende kushoto, utazame tena. Mwite mtu wa pili, usimwambie ipi ni ipi. Kisha rudia chini ya mrija, na chini ya balbu ya manjano.

Usiku chukua tochi. Rudi nyuma hatua thelathini, uishike tochi kando ya jicho, usawa wa sikio, umulike. Ukiishika kiunoni hutaona kitu na utalilaumu bango bure. Nyekundu iwake nyekundu, si nyeusi wala waridi, na ukingo wa pembe nane usomeke kabla ya herufi.

Bango la pili tulilifanya hivyo. Bamba lilikuwa lile lile, tukalibandua riflekta ya kwanza kwa maji moto na subira ya siku nzima, tukaweka mpya, na juu yake utando mwekundu angavu uliokatwa herufi. Fundi hakupuliza rangi yoyote. Gharama ya vifaa iliongezeka, ya kazi ikapungua. Usiku ule alishika tochi mwenyewe, akarudi nyuma hadi kwenye duka la ng'ambo ya barabara, akanyamaza kidogo, akasema, "Hii sasa inaniita."

Kwa kamati za shule, misikiti, makanisa na mitaa zinazoagiza mabango yao wenyewe: kwenye oda msiandike "nyekundu." Andikeni namba ya rangi, daraja la karatasi, na maneno haya: wino au utando unaopitisha mwanga. Mkipokea bango, msilipe salio mchana. Subirini giza, mlimulike kwanza.