Meza tatu, mhudumu mmoja: hesabu za ukumbi wa pool Njombe na Makambako

Anayetaka kufungua ukumbi wa bolingi Makambako atakwamia kwanza kwenye nafasi. Kutoka mstari wa kurushia mpira hadi pini ya mbele ni mita 18.29. Ukijumlisha sehemu ya kuchukulia kasi na mashine ya kusimamisha pini, jengo linapita mita 25, na umeme ukikatika mchezo umekwisha. Meza ndogo ya pool inatosha katika chumba cha mita tano kwa nne, na umeme wake ni wa taa tu. Hata hivyo biashara hizi mbili zina swali moja: nani asimamie mchezo, na alipwe nini?

Kwenye bolingi, Marekani ilijibu kwa mashine. Zamani pini zilisimamishwa na wavulana waliojibanza nyuma ya njia ya mpira. Mwaka 1946 kampuni ya AMF ilionyesha mashine ya kufanya kazi hiyo, na katika miaka ya 1950 vijana hao wakaanza kutoweka kwenye kumbi.

Meza ya pool ya sarafu inafuata mkondo huohuo. Mchezaji anaweka sarafu kwenye kitelezo, anasukuma, na mipira 15 inaporomoka hadi kwenye dirisha la pembeni. Mpira unaotumbukia shimoni unafungiwa ndani mpaka mchezo mwingine ulipiwe. Mpira mweupe peke yake unarudi, kwa kuwa umetofautishwa na mingine kwa ukubwa, au una kiini kinachovutwa na sumaku. Hakuna karani wala tiketi. Meza inajikusanyia mapato yenyewe.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaona mashine inahesabu, wanaamua mhudumu hana kazi. Lakini sarafu ikikwama, meza imesimama. Kipande cha ngozi kwenye ncha ya fimbo kikibanduka, mchezaji mzuri anahamia kwingine. Mteja mwenye noti ya 10,000 asipopata chenji ya sarafu, hachezi. Na foleni isiposimamiwa, wababe wanaishika meza na wengine wanaondoka, ilhali kwa desturi mshindi anabaki na mgeni ndiye anayelipia. Mgeni huyo ndiye mapato ya ukumbi.

Tuweke mfano. Ukumbi una meza tatu ndani ya baa, mchezo ni shilingi 500, saa za kazi ni kuanzia 10 jioni hadi 4 usiku, siku 25 kwa mwezi. Mwenye meza na mwenye baa wanagawana nusu kwa nusu. Mchezo mmoja ukichukua robo saa, kila meza inaweza kuchezwa mara 24, yaani michezo 72 na shilingi 36,000 kwa siku.

Tuseme bila mhudumu meza zinachezwa nusu tu ya hapo: michezo 36, shilingi 18,000, kila upande 9,000. Sasa ajiriwe mhudumu kwa sehemu ya tano ya mapato. Ili wakubwa wawili wasipungukiwe hata senti, inatakiwa michezo 45 kwa siku, kwa sababu 22,500 ukitoa 4,500 zake zinabaki 18,000 zilezile. Hiyo ni michezo mitatu tu zaidi kwa kila meza. Meza zikijaa, mhudumu anapata 7,200 kwa siku, sawa na 180,000 kwa mwezi, na kila upande unapanda kutoka 225,000 hadi 360,000.

Siku ya mhudumu inaanza kabla ya wateja: kupiga brashi kitambaa, kufuta mipira, kuweka pima maji juu ya meza, kukagua fimbo na chaki, kuandaa sarafu. Usiku sanduku la sarafu linafunguliwa mbele ya pande zote na hesabu inaingia kwenye daftari.

Mahali pia pana hesabu yake. Makambako ni njiapanda: barabara ya Dar es Salaam–Tunduma inakutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo. Mteja wa safari hana muda wa kungoja fimbo itengenezwe. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni na Julai inataka meza ziwe ndani, kwani kitambaa chenye unyevu hupunguza mwendo wa mpira.

Saa nazo ziheshimiwe. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi. Ratiba ya jioni inaondoa lawama hiyo. Saa sita za mchezo kwa siku sita ni 36 kwa wiki; pamoja na maandalizi, zibaki chini ya 45 zilizowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Na kwa kuwa kazi ni ya usiku, ndani ya baa, apewe mtu mzima, kamwe si mtoto.

Mambo haya yaandikwe: sehemu ya kila mmoja, nani analipia kitambaa kipya, nani anashika funguo za sanduku. Na mwenye fedha ya kununua meza ya nne atazame daftari kwanza. Kama zile tatu hazijafika michezo 45 kwa siku, fedha hiyo aielekeze kwa mtu wa kuzihudumia.