Mguu Usiosikia

"Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Wajuzi wa lugha husema salamu hiyo ilitokana na maneno ya kumwambia mkubwa kwamba unashika miguu yake. Watu wengi huitamka mara ishirini kwa siku bila kugusa mguu wa mtu. Muuguzi wa miguu katika kliniki ya kisukari akishaitamka huvuta kigoda, hukaa chini kuliko mgonjwa wake, na kuushika mguu kweli.

Kwanza huutazama. Huachanisha vidole kimoja kimoja, maana unyevunyevu na fangasi hujificha hapo, hutazama kisigino kama kimepasuka, kisha hutafuta mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Halafu huchukua uzi wa nailoni uliotengenezwa upinde kwa mgandamizo wa gramu 10. Huugusisha kwanza kwenye mkono wa mgonjwa ili aujue, kisha humwomba afumbe macho. "Ukisikia, sema ndiyo." Uzi unagusa kidole gumba, unapinda. Mzee yuko kimya, anasubiri kuguswa.

Waswahili husema mtu anasikia maumivu, na kweli mguu wa namna hii ni kiziwi. Kisukari kilichokaa miaka mingi bila kudhibitiwa vizuri huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na mara nyingi huziba mishipa ya damu pia. Kokoto ikiingia kiatuni hutembelewa kutwa nzima. Kidonda kidogo hukosa damu ya kukiponya, kikageuka donda ndugu, na mwisho wake mara nyingi ni msumeno wa daktari wa upasuaji.

Dunia ilijifunza mengi kuhusu ganzi hii kwa wagonjwa wa ukoma. Paul Brand, daktari Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, alifanya kazi miaka mingi Vellore, kusini mwa nchi hiyo. Watu waliamini ukoma wenyewe ndio unaomega vidole. Yeye na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya madhara hutokana na moto, viatu vibaya na mgandamizo wa mahali pamoja hatua baada ya hatua, kwa kuwa hakuna maumivu ya kumwambia mtu pumzika. Tena kulikuwa na panya waliotafuna vidole usiku wakati wenyewe wamelala. Wagonjwa waliokuwa wakirudi nyumbani wakapewa paka.

Kisa hicho hakikuishia India. Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wameandika katika majarida ya kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wasijue mpaka kumekucha. Abbas huyo ni miongoni mwa walioanzisha nchini Tanzania mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa kliniki kuitunza miguu hii kabla haijafika kwenye kukatwa.

Kazi yenyewe huonekana vizuri kwenye sugu. Sugu chini ya unyayo ulio na ganzi ni kama kokoto iliyoota ndani ya ngozi: hukandamiza nyama iliyo chini yake mpaka ichubuke, na doa jeusi ndani ya sugu huweza kuwa damu ya kidonda ambacho bado hakijafunguka. Muuguzi huivuta ngozi kwa kidole gumba ikaze, hulaza kisu karibu sambamba na unyayo, na kuparua utando mwembamba, kisha mwingine. Vinadondoka vipande vya manjano kama sabuni ya mche iliyoparwa. Kila baada ya mikato michache huweka kisu chini na kupapasa kwa kidole. Palipo pagumu bado pana kazi, palipoanza kulainika ndipo pa kuacha. Akipitiliza, mgonjwa hatashtuka wala hatasema "ah!" Kwa hiyo mkono wa muuguzi ndio unaosikia badala ya mguu, na ustadi huo haupatikani kwa siku mbili.

Kucha nazo hukatwa kufuata umbo la kidole, pembe hazichimbwi, na ncha hupigwa tupa.

Vijana wanaozunguka mitaani na beseni na chupa za rangi ya kucha wanafanya kazi ya heshima, na mguu mzima hupendeza mikononi mwao. Mguu wenye ganzi haufai kupewa wao. Wembe uliotoka kwa jirani unaingia kwako, na ngozi iliyolowekwa muda mrefu huchubuka kirahisi. Kuchemsha vifaa hakutoshi, kwa kuwa mbegu za baadhi ya bakteria hustahimili maji ya moto. Kliniki hutumia mvuke wenye shinikizo wa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 15.

Ukiondoa chombo hicho cha mvuke, hakuna mashine ya bei kubwa katika haya yote: uzi, kisu, kigoda, mwanga wa kutosha, na mtu aliyefundishwa. Basi wewe mwenye kisukari, au unayempeleka mama kliniki, mkishapimwa sukari na presha na faili likataka kufungwa, vueni viatu na soksi muombe miguu itazamwe.