Ujira wa Mnyonge: Fundisho Kutoka Ngara na Biharamulo

Ndugu msomaji, wako wasemao kuwa mgeni ni baraka, na wako wasemao kuwa mgeni ni mzigo. Wataalamu Jean-François Maystadt na Philip Verwimp, katika makala yao ya mwaka 2014 juu ya wenyeji waliopokea wakimbizi mkoani Kagera, hawakuwapa ushindi hawa wala wale. Wao wanasema neno zito zaidi: mgeni ni yule yule, lakini mwenyeji mmoja amefaidika naye na jirani yake ameumia.

Kumbuka mambo yalivyokuwa. Alipouawa Rais Ndadaye wa Burundi mwezi wa Oktoba 1993, watu walikimbilia Tanzania kwa wingi. Kisha, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka Rusumo wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja tu, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Wanyarwanda wengi walirejeshwa kwao Desemba 1996. Nyumba za Kagera zilikuwa zimehojiwa baina ya 1991 na 1994, zikahojiwa tena 2004. Kwa hiyo ziliweza kupimwa kabla na baada.

Kipimo kimeonyesha nini? Mwenye shamba lake alipata mikono mingi kwa ujira mdogo. Kibarua mwenyeji, asiyekuwa na cha kuuza ila nguvu zake, alipata washindani wengi, na alipokwenda sokoni akakuta baadhi ya vitu vimepanda bei.

Sifa ya kazi hii ni kwamba haikuridhika na wastani. Wastani hudanganya. Nyumba moja ikifuturu kwa sahani mbili na ya pili ikafuturu kwa maji, wastani utasema kila nyumba imepata sahani moja.

Lakini ina upungufu. Waliohojiwa ni wenyeji. Yule mkimbizi ambaye jasho lake ndilo lililokuwa faida ya mwenye shamba hakuulizwa alilipwa kiasi gani wala kama alilipwa. Tena neno "faida" limetumika bila ya kuuliza ni faida ya halali au ya kumkandamiza mwenye njaa. Hilo si kosa la hesabu. Hesabu haina jicho la kuliona. Sisi tunalo.

Saad bin Rabii, Ansari wa Madina, alimtolea Abdulrahman bin Auf nusu ya mali yake. Muhajiri huyo akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Tazama adabu ya pande mbili: mwenyeji hakuutafuta unyonge wa mgeni, na mgeni hakutaka kumlemea mwenyeji.

Sasa, ndugu msomaji, usiseme Ngara ni mbali na pwani. Mtumishi wa nyumbani kwako ametoka wapi? Mchukuzi anayekubali nusu ya bei kwa sababu watoto wake hawajala, unamlipa hiyo nusu ukajisifu kwa ujanja? Na yule uliyemwacha kwa kuwa huyu ni rahisi zaidi, usiku huo alikula nini? Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tusimcheleweshee mfanyakazi haki yake. Basi tujiulize kwanza kama tunachomlipa ni haki, ndipo tujisifu kuwa tumewahi kulipa.