Ngoma Haipokelewi kwa Hotuba

Kila tamasha la ngoma lina mtu ambaye watazamaji hawamwoni. Yuko nyuma ya jukwaa, amechutama kando ya moto wa makuti, ngoma zimelazwa ubavu mbele yake, ngozi zikiutazama mwali. Huyo ndiye mpasha ngoma. Niliyepata kumtazama mimi, Bagamoyo, hakuwa na pupa hata kidogo. Aligusa ngozi kwa kidole cha kati, akainamisha sikio, akaisogeza ngoma shibiri moja, akaizungusha, akagusa tena. Mwanzoni sauti ilikuwa butu, imelala. Kadiri ngozi ilivyokauka ndivyo ilivyopanda, mpaka ikafika pale alipopataka yeye mzee. Hapo aliinyanyua, akamkabidhi mpigaji pasipo kusema neno, akaishika nyingine. Hakuwa na kipimo isipokuwa sikio lake.

Nimeyapenda matamasha madogo ya ngoma, yale yanayowakutanisha watu wa nchi nne au tano uwanjani bila mbwembwe. Nimepiga humo, na nimesaidia kuyaandaa. Kilichonikaa moyoni ni kwamba kuandaa nako ni ufundi, wala si ufundi mwingine bali ni huu huu wa yule mzee: kukaa karibu na ngoma ya mwenzako mpaka uijue inahitaji nini kabla haijapigwa.

Pwani yetu ina umande. Ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwa vigingi hunywa unyevu wa bahari, na jua likishatua hulegea. Haina kamba ya kukaza wala skrubu. Dawa yake ni moto tu. Nao moto una masharti. Ukizidi, ngozi hupasuka. Ukipungua, umefanya kazi bure. Na ngoma ikishaiva haingoji, kwa sababu hewa ya usiku huanza kuirudisha chini mara tu inapotoka motoni. Basi mwandaaji anayeijua kazi hupanga jioni yake kwa kuufuata moto. Nimeona mara nyingi ngoma zimepashwa zikaiva, kikundi kimejipanga tayari kuingia, kisha mgeni rasmi akasimama kuhutubia. Hotuba ikarefuka, zikafuata shukrani kwa wafadhili, na walipopewa ruhusa ya kupiga, ngoma zilikuwa zimeshalala. Watazamaji wakaona kikundi hakina nguvu. Kikundi kilikuwa na nguvu zake zote. Aliyezipoteza ni mpanga ratiba.

Halafu kuna wageni. Wapigaji wa Burundi huingia na ngoma zao kichwani, wakizipiga huku wanatembea, kisha huzipanga nusu duara. Ngoma iitwayo Inkiranya hukaa katikati, na kila mmoja huijia kwa zamu yake. Amashakwe hushikilia mdundo usioyumba. Ibishikizo huifuata Inkiranya popote inapokwenda. Ni ngoma za magogo mazito, na vishindo vyake hupanda kutoka ardhini. Ukiyaweka matari ya Maulidi ya Homu baada yake, umewadhulumu wazee wa Unguja, kwa maana masikio ya watu yameshajaa. Matari yatangulie, watu wakiwa bado wametulia na wanaweza kuisikia mikono ikipanda pole pole kutoka taratibu za mwanzo mpaka kasi ya mwisho. Kisha waje akina mama wa Kigogo na muheme, ngoma zimebanwa mapajani, mabega yanacheka. Warundi wafunge.

Na hapo pana adabu ambayo haiandikwi kwenye ratiba. Muheme ni ngoma ya wanawake. Ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, ni za wanaume, na amri ya serikali ya 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya amri hiyo, mimi ninayo. Lakini mwandaaji anayezilaza ngoma hizi mbili uwanja mmoja anapaswa kuyajua haya mapema, ili asije mshereheshaji, kwa bashasha zake, akamwita mama wa Kigogo mbele ya umati akaishike Inkiranya, na akawafedhehesha wenyeji na wageni kwa pamoja.

Mimi hupiga chapuo. Ni ngoma ndogo, na kazi yake ni kuchangamsha. Nilipoanza kupiga na wageni niliambiwa na mkubwa wangu nikae kwanza nyuma ya ngoma yangu bila kuigusa, wenzangu wapige. Nilikaa. Walikuwa wakipiga mdundo ambao sikuweza kuukamata mwanzo wake. Kila nilipodhani ndipo, ulikuwa umeshapita. Baadaye nikaacha kuutafuta kwa akili, nikautazama mguu wa mpigaji wa vumi, ile ngoma kubwa. Mguu ule ulikuwa unakanyaga mahali ambapo mkono haukupiga. Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu. Niliingia na vipigo vitatu tu, vyepesi, na yule wa vumi akanitazama akatabasamu. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwenye ngoma za kukutana, anayevutia kwake huziharibu zote.

Nilipokuwa mdogo, bingwa wa usikivu kama huu alituingia nyumbani kila siku kwa njia ya redio. Mzee Morris Nyunyusa alikuwa kipofu. Alizipanga ngoma zake kumzunguka, kubwa na ndogo, akazipiga peke yake, na mdundo wake ndio uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Zilipolia ngoma zile, baba alinyanyua kiganja na sisi sote tukanyamaza. Barazani kwa jirani nako kimya. Ndani ya mdundo ule mlikuwa na wimbo: ngoma moja inauliza, nyingine inajibu, ya tatu inacheka. Tulikuwa tunauimba kwa midomo njiani kwenda kisimani.

Nimekuja kuelewa ukubwani kilichofanya wimbo ule usikike. Kila ngoma ilikuwa na sauti yake, haikukaribia ya mwenzake hata ikaleta utata. Na mtu asiyeona hawezi kubahatisha ngoma iko wapi; mpangilio wake lazima uwe kamili kabla ya pigo la kwanza. Kazi kubwa ilikuwa imeshakwisha sisi tulipoanza kusikia.

Sanaa ya Bagamoyo ilijengwa na watu wa malezi hayo. Kikundi cha ngoma cha taifa kilichoanzishwa miaka ya mwanzo ya uhuru kilikusanya wapigaji kutoka makabila mbalimbali. Kisha Chuo cha Sanaa kikafunguliwa hapo Bagamoyo 1981, na mwaka uliofuata tamasha lake likaanza. Leo chuo kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na wageni wanaendelea kuja. Lakini karakana za mji zinachonga zaidi jembe, ngoma ya Guinea na Mali, maana hukazwa kwa kamba na watalii huinunua. Sina ugomvi na jembe, ni ngoma tukufu kwao. Nasikitika ninapomwona kijana wa Pwani anaipiga vizuri, na ukimpa msondo wa babu yake hajui aushike vipi.

Nayo matamasha, yale madogo na hata makubwa, yamebadilika. Kila kikundi hupewa dakika kumi. Moto umepigwa marufuku kwa sababu ya usalama, na hakuna aliyefikiria kutenga mahali pake. Ngoma isiyopashwa huwekewa maikrofoni, kisha fundi mitambo huongeza sauti, akidhani ukubwa wa sauti ndio uzima wa ngoma. Ngozi iliyolegea ukiikuza kwa spika unapata ulegevu mkubwa zaidi. Kikundi kilichosafiri siku nzima kwenye basi kutoka Dodoma hushuka, hupiga kile kipande kifupi, hupigwa picha, hurudi, bila kukaa hata jioni moja kuwasikiliza wenzao.

Vijana wanaoandaa matamasha siku hizi wamefundishwa kuandika maombi ya fedha, kutengeneza mabango, kupanga hoteli za wageni. Yote hayo yanahitajika. Hawakufundishwa kusikia ngoma imelala au imeamka, wala kujua ipi itangulie, ipi isiguswe na nani. Wazee wanaojua wangali wapo, na hakuna anayewauliza. Wakishaondoka, tutaweza kuzialika ngoma za dunia nzima, na hatutakuwa na mtu hata mmoja wa kuzipokea.