Mfarishi wa Viraka vya Pembe Sita

Mfarishi wa viraka vya pembe sita huanza na karatasi. Karatasi ngumu kiasi hukatwa kwa kipimo kimoja, mara nyingi inchi 1 kila upande, kisha kitambaa hukatwa kwa kuacha ziada ya milimita 6 hivi pande zote. Ziada hiyo hukunjwa juu ya karatasi na kupigwa bandi kwa uzi utakaofumuliwa baadaye. Kwa kipimo hicho, mfarishi wa mita 2 kwa 2 unahitaji vipande zaidi ya 2,300.

Karatasi ina kazi yake. Kitambaa kina nyuzi za mtande na za mshindio. Kikikatwa pembe sita, walau pande nne huangukia mshazari, na upande wa mshazari hunyumbuka ukivutwa kidogo tu. Karatasi huuzuia. Pembe moja ni nyuzi 120, hivyo tatu zikikutana hukamilisha nyuzi 360 bila kuacha nafasi. Kosa la nusu milimita halionekani kwenye kipande kimoja; baada ya vipande hamsini, kitambaa hukataa kulala bapa.

Vipande viwili huwekwa uso kwa uso, na kingo zake hushonwa kwa mishono midogo ya kuzungusha uzi. Sindano huchukua nyuzi mbili tatu za mkunjo bila kuuma karatasi. Ikiigusa, vidole hujua papo hapo. Kipande cha tatu huingia kwenye kona ya viwili vya kwanza, na ili kingo zilingane, kimojawapo hukunjwa katikati pamoja na karatasi yake. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Miraba huungwa kwa safu ndefu zilizonyooka, lakini hapa mshono hugeuka kila baada ya inchi 1, na cherehani haina subira hiyo. Mkono unayo, tena kazi yenyewe huingia mfukoni na kushonwa popote penye mwanga.

Kipande kikishazungukwa na wenzake pande zote, bandi hufumuliwa na karatasi hutolewa, tayari kutumika tena.

Ushonaji wa kutumia karatasi una umri mrefu Uingereza. Tandiko moja la hariri lililoshonwa hivyo, likiwa na mwaka 1718, limehifadhiwa na Quilters' Guild, chama cha washona mifarishi. Marekani, jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia lilichapisha mfano wa pembe sita mwaka 1835. Miaka ya 1930, wakati wa dhiki ya uchumi, lilienea pambo la ua: kiini kimoja, mara nyingi cha manjano, vipande sita vikikizunguka, kisha kumi na viwili. Magunia ya unga yenye maua yaliyochapwa yalikatwa pia kuwa petali. Lucy Boston, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyeishi Hemingford Grey, alirefusha umbo la pembe sita akalipanga kuwa misalaba. Kiangazi alikuwa bustanini, majira ya baridi akishona.

Zamani karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo zilikatwa barua, daftari za hesabu na kazi za shule. Mfarishi ulioachwa bila kumalizika bado unazo mgongoni, na ukigeuzwa husomeka vipandevipande: bei ya kitu, nusu ya jina, zoezi la mwandiko. Kwa watafiti huo ni ushahidi mzuri, maana mshono hauwezi kuwa mkongwe kuliko karatasi iliyo ndani yake. Ajabu ni kwamba kazi iliyokamilika haisemi lolote.

Mwisho huwekwa bitana, pengine na pamba katikati, na tabaka zote hushikizwa kwa mishono midogo. Kingo za nje hubaki na meno. Wapo wanaozikata zinyooke na kuzizungushia utepe; ni haraka, ila hukata maua nusu. Njia bora ni kukunja kila jino ndani pamoja na bitana na kulishona moja moja hadi pembe ya nne ya mfarishi.